Umezima Jiko?

Meneja mpya wa kiwanda cha magodoro hakuwa mtu wa kompyuta, wala hakuona haya kusema hivyo. Alikuwa mtu wa kutaka kujua analipia nini. Tangu aje alikuwa ameshauliza kwa nini geti lina walinzi wawili ilhali lina mlango mmoja, kwa nini gundi inanunuliwa kwa pipa, na ni nani aliyemwidhinishia maziwa paka wa stoo. Zamu ya kitengo cha kompyuta ilipofika, kitengo chenyewe kikiwa chumba kimoja, feni moja na mwanamke mmoja, Meneja alivuta kiti, akaketi, akakunja nne, akamwambia yule mwanamke amsomee programu.

"Nikusomee, bosi?"

"Kwa sauti. Kama unavyosoma barua. Nataka nisikie inasema nini."

Kiwandani mwanamke huyo aliitwa Fundi. Programu aliyotakiwa kuisoma ndiyo iliyoendesha kiwanda kizima: ilipokea oda za maduka, ikahesabu magodoro yaliyomo stoo, ikaamua lori gani libebe nini, ikachapa hati za kutolea mzigo. Ilikuwa kuukuu, imeandikwa zamani wakati kompyuta ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo na ikiwekwa kwenye chumba chake peke yake kama mgonjwa. Aliyeiandika alikuwa baba mkwe wake Fundi mwenyewe, ambaye wazee wa kiwandani walimwita Mzee Diski, kwa jinsi alivyokuwa akizibeba diski zake kifuani mvua ikinyesha, yeye akilowa na zenyewe zikibaki kavu. Alipostaafu, programu ilibaki. Fundi aliipokea kama mtu anavyopokea nyumba ya ukoo: huwezi kuivunja, na huwezi kujua swichi ipi inawasha taa ipi.

Basi akasoma. Alijua aibu inakuja lakini hakuwa na pa kuikwepea.

"Mwite SHANGAZI," alisoma. "Shangazi akirudi, chukua alichosema umpelekee SHEMEJI. Kama kuna MAPACHA, simama. Kama hakuna, mpe KITINDAMIMBA anachotaka, hata kama wengine wamekosa. Mruke BABU."

Meneja aliteremsha mguu. Makao makuu walikuwa wamemleta kwa kazi moja, kuwafichua wafanyakazi hewa, na hapa alikuwa ameangukia watano kwenye ukurasa mmoja.

"Huyu Shangazi," aliuliza taratibu, "analipwa na nani?"

Fundi alieleza kadiri alivyoweza. Alisema hayo si majina ya watu, ni majina ya vipande vya kazi ndani ya programu, na kwamba aliyeandika alivipa majina aliyoyazoea. Meneja alisikiliza akiandika kitu, na alipomaliza kuandika akasema hataki kusikia ukoo wa mtu ndani ya mashine ya kampuni. Kila kipande kiitwe kwa kazi kinayofanya, mtu yeyote anayejua kusoma aweze kukifuata. Jumatatu angekuja kusomewa upya. Akielewa, programu itabaki na Fundi atabaki nayo. Asipoelewa, kampuni itanunua programu ya dukani, inayokuja na fundi wake.

Fundi alirudi nyumbani akiyarudia maneno hayo njia nzima. Nyumba yao ilisimama juu ya mshahara wake. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, hodari kweli, ila wateja wake walikuwa hodari zaidi kwa ahadi. Kodi ya nyumba, umeme, dawa za presha za Mzee Diski, vyote vilipitia kwenye kile chumba chenye feni moja.

*

Kosa lake la kwanza lilikuwa kusimulia mezani.

Alisimulia ili apate kucheka kidogo, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kulia. Mumewe alicheka. Mzee Diski alicheka zaidi, akafurahi hata akasahau chakula. Miaka yote hiyo tangu astaafu hakuna aliyewahi kumuuliza habari za programu yake, na sasa imesomwa kwa sauti mbele ya meneja. Akaanza kueleza jina moja baada ya jingine, kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

SHANGAZI ndiye anayezunguka stoo zote kuhesabu magodoro, na akirudi anamwambia kila mtu alichokiona, hata ambaye hakuuliza. SHEMEJI anashughulika na magodoro ya sampuli, yale yanayoazimwa na maduka yasirudi. MAPACHA anakamata oda iliyoandikwa mara mbili. KITINDAMIMBA ni oda ya mwisho ya siku, ambayo hupewa kila kitu.

"Mimi huyo," alisema mumewe Fundi, ambaye kweli alizaliwa wa mwisho.

"Wewe huyo," alisema Mzee. "Ulikuwa na miaka miwili. Ulikuwa unakula mafungu ya wenzako wote."

"Na Babu?"

"Babu anakaa tu pale. Alikuwa na kazi zamani, ikaisha. Hakuna anayemwita. Lakini huwezi kumtoa babu nje."

Walicheka tena. Hapo ndipo Bi Mkubwa, mke wa Mzee Diski, alipofuta mikono kwa kitambaa, akakikunja, akakiweka mezani mbele yake kwa utaratibu ambao mtu mwenye akili angeutambua na kuhama meza.

"Na mimi?" aliuliza.

Mzee Diski alikuwa bado na kicheko mdomoni. Kikabaki hapohapo, hakina pa kwenda.

"Wewe umo," alisema.

"Wapi?"

"Umo bwana. Ningekuachaje wewe?"

"Nimekuuliza wapi."

Mzee alikunywa maji. Akanywa tena, ingawa glasi ilikuwa tupu. Fundi alimtazama baba mkwe wake, akaona jambo ambalo wengine hawakuliona, kwa kuwa alikuwa amelipitia yeye mwenyewe mara nyingi mbele ya ile skrini. Mzee hakuwa akificha. Mzee alikuwa amesahau. Alikumbuka kwa hakika kwamba alimweka mkewe mle ndani, na alikumbuka hata kwamba alifurahi alipomweka, ila hakukumbuka alimweka wapi. Na hakuwa ameandika popote. Siku zile alijiambia kuandika maelezo ni kupoteza nafasi, kwani nani atasahau mambo ya mkewe?

"Hata yule aliyeazima toroli letu yumo," alisema Bi Mkubwa akimaanisha shemeji. "Hata dada yako na umbea wake yumo. Mimi niliyekuwa nakupelekea chakula pale kiwandani kwenye vile vyombo vya kufunika, simo."

Akainuka, akaondoa sahani za watu wote mezani. Ya mumewe aliiacha.

*

Kuanzia hapo Bi Mkubwa hakusema na Mzee Diski moja kwa moja. Kila neno lilipitia kwa mkwe. "Mwanangu, mwambie huyo baba yako chai ipo." Mzee alikuwa amekaa hatua chache tu, anasikia kila kitu, lakini alingoja aambiwe, akaomba mkwe amwambie mama kwamba ameshukuru. Fundi alikuwa akitoka kuhamisha habari kutoka faili moja hadi jingine kazini, na akifika nyumbani anahamisha habari kutoka kochi moja hadi jingine. Mumewe alianza kupata majokofu mengi sana ya kutengeneza mitaa ya mbali.

Shangazi naye alipata habari, kwa njia alizozijua mwenyewe, akaja kwa miguu yake. Alikaa sebuleni na mkoba wake mapajani, hakuuweka chini. Alisema amesikia kwamba kwa miaka yote hiyo, kila asubuhi, kiwanda kizima kimekuwa kikimtuma azunguke stoo na kurudi kutoa umbea. Alisema hakudhani kaka yake wa tumbo moja angemfanyia hivyo. Kisha akasema kwamba hata hivyo mtu wa nyumba ya tatu ameachwa na mkewe, na aliyemwambia ni yule wa duka la dawa, na je, wao walikuwa wanajua? Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Alipoondoka, Mzee Diski alimvuta mkwe wake kando, akamwomba kwa sauti ya chini amwonyeshe programu. Fundi alifungua kompyuta yake ndogo mezani, na mzee akavaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, akaanza kujisoma.

Ilikuwa huzuni kumtazama. Alipita juu ya mistari yake mwenyewe kama mgeni. Mara nyingine alitabasamu, akasema "hapa nilikuwa mjanja," kisha akauliza: "Hivi hapa nilikuwa nataka nini?" Fundi hakujua. Hapakuwa na neno hata moja la maelezo, kuanzia juu hadi chini. Kuna mahali programu ilichukua idadi ya magodoro, ikaongeza saba, ikaendelea mbele, na mbele zaidi ikaondoa saba.

"Baba, hii saba ni ya nini?"

Mzee aliinamia skrini. "Ilikuwa na sababu," alisema. "Sababu nzuri kabisa."

Fundi alimpenda mzee huyu. Alimpenda kuliko alivyompenda baba yake wa kumzaa, ambaye hakuwahi kumuuliza habari za kazi yake. Ndiyo maana hakumwambia alilokuwa akiliwaza: kwamba mtu anayeandika bila maelezo anamwandikia mtu mmoja tu, na mtu huyo naye hatakuwepo siku programu itakaposomwa. Badala yake alimwongezea chai. Bi Mkubwa kule jikoni akasikia sauti ya birika, akauliza kwa nguvu ni nani anayemmiminia chai mtu asiyekumbuka mkewe.

*

Fundi alibadilisha majina. Alikesha nayo hadi macho yakawa mekundu, lakini alikuwa na furaha ya mtu anayefagia uwanja. SHANGAZI akawa HESABU-STOO. SHEMEJI akawa SAMPULI-ZA-MADUKA. MAPACHA akawa KAGUA-ODA-MBILI. KITINDAMIMBA, ingawa mumewe alinung'unika, akawa ODA-YA-MWISHO. Alitenganisha mistari iliyobanana, akavunja kipande kirefu kisichomalizika kikawa vipande vinne vifupi, na juu ya kila kimoja akaandika kwa Kiswahili cha kawaida kinafanya nini na kwa sababu gani. Ile saba aliiacha, akaandika juu yake: "Sababu haijulikani. Aliyeandika anasema ilikuwa nzuri."

Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini mtu akishashika ufagio huwa haachi.

Alifika kwa BABU. Alimzunguka, akamkagua, akahakikisha kweli hakuna anayemwita, akafumba macho na kumfuta. Akaijaribu programu. Hakuna kilichotokea. Oda zilipita, hesabu zilikaa sawa. Fundi akavimba kichwa kidogo. Akaanza kutafuta kingine cha kufuta, na mwishoni kabisa mwa programu akakikuta.

Kilikuwa ni swali. Karani wa stoo alipomaliza kazi za siku na kutaka kuzima mashine, programu ilimwandikia kwenye skrini: UMEZIMA JIKO? Karani alitakiwa kubonyeza N kama ni ndiyo au H kama ni hapana. Fundi alikuwa ameliona mara moja au mbili siku za nyuma, akadhani ni mzaha wa watu wa zamani. Sasa alifikiria Jumatatu, Meneja ameketi kwenye kile kiti, naye anasoma: umezima jiko? Kiwandani hapakuwa na jiko. Palikuwa na sponji, gundi na nyuzi, na ukutani pameandikwa kwa herufi nyekundu kwamba moto ni marufuku. Meneja angeuliza jiko liko wapi, nani anapika, na gesi inalipwa na nani.

Akalifuta. Na kwa kuwa alikuwa na haraka, na Babu alikuwa ametoka salama, hakuijaribu tena. Ijumaa mchana akaipandisha programu mpya kwenye mashine ya stoo, akaenda nyumbani kwa wepesi ambao hakuwa ameusikia wiki nzima.

*

Jumatatu asubuhi Fundi alipofika, magodoro yalikuwa ndani ya geti yamerundikwa, na juu yake wamelala wapakiaji.

Mlinzi alikuwa amezuia malori. Alimwonyesha Fundi hati ya mzigo kwa kidole kisicho na huruma: tarehe yake ilikuwa ya Ijumaa. Mzigo wa Ijumaa, alisema, ameutoa Ijumaa, kwa macho yake, na hawezi kuutoa tena. Na kweli, majina ya maduka yalikuwa yaleyale. Programu ilikuwa imeamka Jumatatu, ikaagiza upya kila kitu kilichokwisha kuondoka. Mwenye duka moja, ambaye lori lake liliwahi kupita kabla mlinzi hajazinduka, alikuwa anapiga simu kwa mfululizo: magodoro yake alishayapokea Ijumaa, sasa yamemfikia mengine kama hayo, na hana hata pa kusimama.

Kwa mashine ilikuwa bado Ijumaa. Habari hiyo ilienea kiwandani kwa kasi, ikapokewa vizuri. Mshonaji mmoja aliyechelewa alisema kama ni Ijumaa basi yeye amewahi kwa siku tatu. Mwingine akauliza kama Jumamosi na Jumapili watalipwa upya wakizifikia. Meneja hakucheka. Alisimama kwenye mlango wa chumba chenye feni, akasema saa nane mchana atakuja kusomewa kama walivyokubaliana, na kwamba asubuhi hii imemsaidia sana kufikiri.

Fundi alikaa mbele ya skrini. Programu ya zamani alikuwa ameihifadhi, angeweza kuirudisha mara moja na magodoro yakatoka. Lakini kuirudisha ilikuwa kumrudisha Shangazi mbele ya Meneja, na hapo angefungasha. Na ile mpya hakujua imevunjika wapi, kwa sababu alikuwa amebadilisha kila kitu kwa mkupuo mmoja. Angebadilisha kimoja, akajaribu, akabadilisha kingine, sasa angejua. Aliwafundisha vijana wa mafunzo maneno hayohayo kila mwaka. Akaona machozi yanakuja, akayaacha yaje.

Karani wa stoo aliingia akiwa ameshika kofia yake. Alisema hataki kumchongea mtu, lakini Ijumaa jioni kuna kitu hakikwenda sawa. "Haikuniuliza jiko," alisema. "Nilingoja. Nikangoja tena. Nikaona basi litaniacha, nikazima."

"Ilikuwa inakuuliza kila siku?"

"Kila siku. Nabonyeza ndiyo, inakoroma kidogo, halafu najua siku imekwisha."

Fundi alichukua simu. Nyumbani aliyepokea alikuwa Bi Mkubwa, maana siku hizi Mzee hakuruhusiwa kupokea kitu.

"Mama, shikamoo. Nakuomba, mwulize Baba kitu. Haraka. Lile swali la mwisho kwenye programu lilikuwa linafanya nini?"

"Mimi sisemi naye, wewe unajua."

"Mama, kazi inaondoka."

Bi Mkubwa alilegea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeumizwa. "Swali gani?"

"Lile la jioni. Kabla ya kufunga, ilikuwa inamuuliza karani: umezima jiko?"

Kwenye simu hakukusikika kitu. Fundi alidhani imekatika, akaita, "Mama?" Halafu akasikia, kwa mbali kidogo kana kwamba simu imeteremshwa hadi kiunoni, sauti ya mama mkwe wake ikisema na mtu mwingine, na katikati hapakuwa na mkwe wa kupitishia.

"Wewe mzee. Uliniweka kwenye jiko?"

Ikafuata kelele ya kiti, kisha ya miwani kuanguka, halafu Mzee Diski akaichukua simu, akipumua kama aliyekimbia.

Alikumbuka yote kwa pamoja, akayasema kwa pamoja. Programu ile haikufuata saa ya ukutani. Siku yake iliisha pale tu karani alipoifunga, na makarani wa enzi zile walikuwa wakizima mashine na kukimbilia basi, siku imebaki wazi. Alihangaika nalo jambo hilo hadi likamwondolea hamu ya kula. Jioni moja yeye na mkewe walikuwa wanatoka kwenda kumwona mgonjwa, wameshafika kituoni, basi limeshasimama, mkewe akamgeukia akauliza kama amezima jiko. Alisema ndiyo. Mkewe akamtazama tu. Akarudi nyumbani kwa miguu kwenda kuangalia, kwa hasira, na njiani akapata jibu: mtu asiruhusiwe kuondoka mpaka aulizwe. Kesho yake akaandika. N ndiyo inayofunga siku, inayopeleka oda zilizotoka kwenye faili la zilizotoka, inayosogeza tarehe mpaka siku ya kazi inayofuata.

"Na jiko lilikuwa limezimwa, Baba?"

Mzee alishusha sauti. "Lilikuwa linawaka," alisema. "Sikumwambia mpaka leo."

Nyuma yake Bi Mkubwa alisikika akisema kwamba alijua.

*

Saa nane Meneja alivuta kiti. Fundi alimsomea programu mpya, na Meneja alifuata kila kitu akiitikia kwa kichwa: hesabu stoo, kagua oda mbili, panga malori. Mara moja tu alimkatiza, kwenye ile saba, akayasoma mwenyewe kwa macho maelezo yake, akapita. Nje malori yalikuwa yameanza kunguruma, kwani swali lilikuwa limerudishwa, siku ya Ijumaa ilikuwa imefungwa na Jumatatu imefunguliwa.

Walifika mwisho. Kipande cha mwisho kiliitwa FUNGA-SIKU, na juu yake palikuwa na mistari mitatu ambayo Fundi aliandika akiwa ameshajifuta uso: "Swali hili ni la Bi Mkubwa, mke wa aliyeandika programu hii. Jibu lake ndilo linalofunga siku. Usilifute, mimi nililifuta, na Jumatatu ikawa Ijumaa."

Meneja alisoma mara mbili. Fundi alingoja aulizwe nani analipia gesi.

"Maelezo yanaeleweka," alisema Meneja kwa unyonge wa mtu aliyetaka yasieleweke. "Na mtu akijibu hapana?"

Fundi hakujua. Karani wa stoo, aliyekuwa amejibanza mlangoni, hakujua pia. Hakuna aliyewahi kubonyeza H tangu kiwanda kianze. Fundi akaliita swali kwenye skrini; Meneja aliinama mwenyewe, akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza.

Skrini ilifutika yote. Katikati likabaki neno moja: RUDI.

Meneja alilitazama. Kitu fulani kilianza kumpita usoni polepole, na Fundi, aliyeishi na Bi Mkubwa miaka kadhaa, alijua kitu hicho kilikotoka na kinakoelekea. Meneja alijipapasa mfukoni. Akauliza, bila kumwambia mtu yeyote hasa, kama mtu akiacha pasi imechomekwa tangu asubuhi, juu ya shati, inaweza kukaa mpaka saa hizi. Hakungoja jibu. Walimsikia kwenye ngazi, kisha wakalisikia gari lake likimpigia honi mlinzi afungue geti, na mlinzi akimuuliza hati.

*

Jioni hiyo Bi Mkubwa alipanga sahani mwenyewe, na ya Mzee Diski aliijaza kwanza. Hakumsemesha kupitia kwa mtu. Alimwambia tu ale, chakula kinapoa, na mzee akala akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyesamehewa lakini bado haamini. Mumewe Fundi alikuwa amerudi mapema. Majokofu ya mitaa ya mbali yote yalikuwa yamepona ghafla.

Fundi alieleza yote tangu mwanzo. Alisema kazi ipo. Alisema Meneja alirudi na shati lenye tundu la pembe tatu mgongoni, na kwamba hakuuliza tena habari za paka.

Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akataka kuhakikisha jambo moja.

"Kwa hiyo kila jioni walikuwa wanaulizwa swali langu."

"Kila jioni, Mama. Karani huyu, na wa kabla yake, na wa kabla ya huyo."

"Na wote walikuwa wanajibu ndiyo."

"Wote."

"Na pale kiwandani hakuna jiko."

"Hakuna, Mama. Halijawahi kuwepo."

Bi Mkubwa aliegemea kiti, akamtazama mumewe, na wote mezani wakaona uso wake unavyofunguka.

"Waongo wakubwa," alisema, akamwongezea mzee mchuzi.